Mkaguzi Aliyejipa Alama Thelathini na Nane

Jumamosi hiyo duka la simu lilijaa watu kama bwalo la shule siku ya nyama, na kila mmoja aligusa kioo ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. Katikati ya zahama hiyo alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Mkononi alikuwa na daftari.

Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni akiweka mawe ya serikali juu ya mizani ya wauza viazi. Mizani ikisema uongo, anaifunga. Mtu wa namna hiyo hanunui simu hivi hivi. Alikuwa amechora jedwali: simu nne zinazogombaniwa mjini, vigezo kumi na viwili, na nafasi ya jumla chini, imepigiwa mstari mara mbili.

"Kaka mwenye shati jeupe!"

Akageuka. Mbele yake alikuwa dada aliyevaa gauni la kijani lililomkaa utadhani amezaliwa nalo, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni na pini tatu zimechomekwa kwenye kola.

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu mwenye shati lisilo na doa? Shika hiki kitambaa, weka kifuani, simama pale mlangoni penye mwanga. Na usicheke, unatikisa kitambaa."

Mkaguzi, ambaye wauza viazi wote walimwogopa, alitii kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

"Dada, naomba kujua ninafanya nini."

"Unakuwa ukuta. Mimi ni fundi cherehani, wateja wananiagiza kwa picha. Hii ni rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Mungu akubariki. Simu yangu inasema nyekundu. Juzi bibi harusi amepokea gauni akalia, mama yake akalia, mpaka mwenye pikipiki aliyelipeleka akalia. Nimerudishiwa. Yakitokea mengine kama hayo, nafunga kibanda."

Akampiga picha kwa simu zote nne. Ya kwanza iligeuza kitambaa kuwa chekundu. Ya pili, zambarau. Ya tatu ilimpausha mkaguzi mwenyewe hadi akaonekana ametoka kulazwa. Ya nne ikasema kweli.

"Hiyo ya nne betri yake inalala mapema kama mtoto mchanga," mkaguzi alionya, akifungua daftari. "Kwa jumla ni ya mwisho."

"Kigezo cha rangi umekiweka wapi?"

Mkaguzi akatazama. Hakikuwepo. Masikio yakamwaka moto.

"Kaka yangu, mtu kwanza unamuuliza anataka nini, ndiyo unachora mistari."

Mkaguzi akaongeza kigezo cha kumi na tatu.

Wakakubaliana kwamba uamuzi mzito kama huo hauhitaji haraka. Jumamosi iliyofuata wakarudi kulinganisha vioo, na iliyofuata wakalinganisha chaji. Mwezi ukaisha hakuna aliyenunua hata kifuniko, na tayari mkaguzi alikuwa anamwita dada huyo Fundi kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kusali.

Kulikuwa na tatizo moja. Simu ya mkaguzi ilikuwa imeshaanguka mara nyingi, na sasa ilisikika kwa spika tu.

"Halo, laazizi," ilisema simu, na ofisi nzima ya mizani ikaweka kalamu chini.

"Fundi, niko ofisini," alinong'ona.

"Kwani ofisini mapenzi ni marufuku? Umekula?"

"Amekula!" alijibu karani wa meza ya pili. "Maharage, na akaongezewa!"

"Nani huyo?"

"Ni wenzangu."

"Wasalimie. Waambie nakupenda."

"Tumesikia!" ofisi ikaitikia kwa pamoja.

Sasa, mule dukani kulikuwa na muuzaji mmoja, viatu vyake vimechongoka, marashi yake yanafika dakika mbili kabla yake. Watu walimwita Bwana Ofa, kwa kuwa hakumaliza sentensi bila kuahidi moja. Bwana Ofa aliona dada mrembo anakuja kila Jumamosi na hanunui kitu. Akakaa, akafikiri, akahitimisha kwamba anafuatwa yeye. Watu wameoana kwa ushahidi hafifu kuliko huo. Akamwambia Fundi kwamba Jumapili ijayo, saa kumi, angekwenda kujitambulisha kwa shangazi yake, aliyemlea.

Fundi alimsimulia mkaguzi huku akicheka. Mkaguzi hakucheka. Alifungua ukurasa mpya.

Upande mmoja aliandika "Bwana Ofa", upande wa pili "Mimi". Urefu, akashinda. Uaminifu, akashinda. Mavazi, viatu, marashi, ucheshi, gari, maneno matamu, yote akapigwa. Kucheza muziki akajipa sifuri, maana haki ni haki. Jumla: Bwana Ofa sabini na moja, yeye thelathini na nane. Akakokotoa tena, ikawa ile ile. Mtu aliyewahi kuifunga mizani ya mjomba wake mwenyewe asingeanza kuiba alama leo. Jumanne mchana akaupeleka ukurasa kibandani kwa Fundi.

"Kwa haki kabisa," alisema, "yeye ndiye anayekufaa. Nakutakia heri."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akasoma, toka juu hadi chini.

"Umenipimia mume?"

"Nimejitahidi kutopendelea."

"Mimi nina kamera ya mbele? Nimepangwa kabatini na bei ubavuni? Hapa kuna vigezo tisa. Kipi nimekuambia mimi? Nani kakuambia nataka mtu wa kucheza muziki? Nacheza mwenyewe!"

"Lakini gari..."

"Toka, Mkaguzi. Toka kabla sijakupima shingo kwa hii tepu."

Akatoka. Kwa siku nne simu yake haikuita, na ofisi nzima ikadhoofika. Karani wa meza ya pili alikula nusu sahani. Mkaguzi alivaa shati lenye makunyanzi, jambo lililozua uvumi kwamba amefiwa.

Jumamosi alikuwa sokoni, ameinama juu ya mizani ya mama mmoja muuza nyanya, simu ilipolia mfukoni. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Nasema mara moja tu," sauti ya Fundi ikasambaa juu ya matenga. "Kesho saa kumi mgombea wako wa sabini na moja anakuja kwa Shangazi. Nimemkataa mara mbili, anadhani naomba punguzo. Shangazi anasema hawezi kumfukuza mgeni wakati hakuna mwingine aliyewahi kubisha hodi. Sasa nauliza, na nijibu kwa mdomo, siyo kwa jedwali. Unanitaka, hunitaki?"

Soko likatulia. Hata kuku walisubiri.

"Mjibu mwenzio, baba," alisema mama wa nyanya.

"Anamtaka!" akapaza muuza viazi.

"Wewe ulishaposa lini? Mwache aseme mwenyewe!" mama wa nyanya akamkemea.

Mkaguzi akaisogeza simu mdomoni. "Nakutaka."

"Kiasi gani?" alidakia muuza viazi.

"Sijui," alisema mkaguzi, na mwenyewe akashangaa. "Sijapima."

Simu ikasema, taratibu, "Basi njoo mapema," na kukatika. Vifijo vikapanda hadi kwenye mabati.

"Kwa furaha hii, mizani yangu je?" aliuliza mama wa nyanya kwa tabasamu pana.

"Inazidisha gramu arobaini, mama. Naifunga."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Jumapili saa tisa alibisha hodi. Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimtazama mgeni wake kama nguo inayohitaji kufumuliwa. Mkaguzi akaamkia, akaketi ukingoni mwa kiti. Fundi alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, amevaa gauni la rangi ya damu ya mzee, uso haujafunguka bado.

"Mwenzako anakuja na gari," Shangazi alianza. "Wewe umekuja na nini?"

"Mikono mitupu, Shangazi. Nina chumba na sebule, mshahara wa kawaida, na kucheza sijui."

"Hiyo ni posa au ni ungamo?"

"Vyote viwili." Akafuta jasho. "Nilimwachia mwenzangu kwa kuwa ni bora kuliko mimi. Bado ni bora. Lakini nimejaribu siku nne kuishi bila huyu, nimeshindwa. Juzi nimepima gunia tupu, nikaliandikia kilo hamsini, nikalipiga muhuri."

Shangazi, aliyekusudia kuwa mkali hadi saa kumi, aliangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuja akaketi karibu naye, akamnyoosha kola.

"Gunia tupu, mpenzi?"

"Kilo hamsini."

"Shangazi, mimi ndiye nachagua, na nimemchagua huyu. Tena nilimchagua tangu akiwa ukuta."

Saa kumi kamili marashi yakaingia, na baada yake Bwana Ofa, suti ya buluu, mkononi mfuko wenye simu zote nne ili mchumba ajichagulie. Aliona mikono miwili imeshikana. Alisimama. Uso ukamjaa huzuni nzito iliyodumu kwa muda wa mlio mmoja wa ujumbe.

"Hongereni," alisema. "Na wachumba wapya wakichukua mbili, kuna ofa."

Fundi akatwaa ile ya nne papo hapo. Mkaguzi akainua ya tatu, akaipima kwa kiganja.

"Hii betri yake ni siku mbili," alianza. "Ingawa kioo cha hiyo yako, tukilinganisha..."

Shangazi akavua miwani.

"Muuzaji, wape mbili za aina moja, ukubwa mmoja, rangi moja. Nataka kuwaona wajukuu kabla sijafa."