Karatasi za Pamba

Kutoweka kwa karatasi kuligunduliwa asubuhi ambayo binti alirudi kwenye duka la familia la kuchapia kadi kwa mara ya kwanza tangu wamzike baba yake.

Alikuja na mama yake na funguo za marehemu. Alifungua kabati la ukutani, lile ambalo tangu utotoni alikatazwa kuligusa kabla ya kunawa mikono, akakuta rafu tupu. Harufu ya karatasi ilikuwa bado imo. Karatasi zenyewe hazikuwamo. Akapiga simu polisi.

Inspekta alifika na koplo wake. Hakuuliza mlango wa kuingilia. Aliusukuma kwa bega, kwa kuwa alijua huwa unakwama.

"Kimeibwa nini?" aliuliza.

"Karatasi," alisema binti.

Koplo aliacha kuandika. "Karatasi? Dada, karatasi si zimejaa mji mzima?"

"Si hizi. Ni za pamba, nene, rangi ya maziwa. Baba alizinunua nikiwa bado nasoma, akaziweka kwa ajili ya kadi za harusi yangu. Kiwanda kilichozitengeneza kilishafungwa. Kila mwaka alikuwa akizitoa, anazipapasa, anazirudisha. Mimi namcheka." Alifunga kabati. "Kadi zilitakiwa zianze kuchapwa wiki hii."

Inspekta alizunguka. Kabati halikuvunjwa. Dirisha la nyuma ndilo lililovunjwa kioo.

"Mwizi kapita hapa, afande," alisema koplo.

"Akivunja kioo ili aingie, vipande vinaangukia wapi?"

"Ndani."

"Na hivi?"

Koplo alichungulia uchochoroni, kisha akatazama sakafu safi chini ya miguu yake. "Vimeangukia nje."

"Basi andika hivyo. Dada, kabati lina funguo ngapi?"

"Wa baba, na wa fundi."

Fundi alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuchapa, mikono nyuma. Watu wote walimwita Wino. Inasemekana hata siku ya ndoa yake kucha zilikataa kutakata, bibi harusi akacheka mbele ya wakwe. Alikuwa amefanya kazi na marehemu tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Jana nani alifunga duka?"

"Mimi, afande."

"Kabati ulilifungua?"

Fundi aligeukia mashine.

"Wino, nakuuliza."

"Sikumbuki."

"Dirisha nalo?"

"Nimelikuta hivyo."

"Umelikuta ukiwa ndani au nje?"

Wino alitazama viatu vyake. Binti akasogea.

"Mjomba, umeziuza?"

"Sijauza kitu."

"Basi ziko wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Usiniite mwanangu! Nimekuita mjomba tangu sijui kuandika jina langu. Baba kaniachia kitu kimoja cha harusi yangu, kimoja tu, na hata kaburi halijakauka." Alimgeukia Inspekta. "Mchukueni. Nataka nimwone mahakamani."

"Polepole, mama," alisema mjane, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Bintiye alimwita mama tangu azaliwe, yeye naye humwita bintiye hivyo hivyo. "Huyu mtu kambeba baba yako mgongoni mpaka hospitali."

"Basi aseme ziko wapi!"

Wino alitikisa kichwa.

Inspekta aliegemea kaunta. Ubao wake ulikuwa umechakaa pale pale, mahali wachumba walipoegemeza viwiko. Naye aliwahi kuegemea hapo, akiwa konstebo mwembamba, na msichana ambaye yeye alikuwa bado hajamtambulisha kwa dada zake. Marehemu hakuwaonyesha bei wala maua ya dhahabu. Aliwapa kila mmoja kipande cha karatasi, akawaambia wakikunje. Ndivyo alivyowafanyia wachumba wote. Cha msichana kilikunjika laini. Cha konstebo kikapasuka juu ya mkunjo, nyuzi zikatokeza kama uzi wa shati kuukuu.

"Karatasi ina nyuzi, kama ubao," alisema marehemu siku ile. "Ukiikunja kwa kufuata nyuzi, inakutii. Ukizikatisha, inakupasukia. Tofauti ni namna ilivyokatwa tu. Wewe bwana mdogo, ukioa, tafuta kwanza nyuzi zinakwenda wapi."

Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Walioana; sasa naye ni marehemu. Kadi moja ya harusi yao imo ndani ya droo ya Inspekta nyumbani, na mkunjo wake bado mzima.

Alimgeukia mjane. "Mama, mzee aliacha kazi lini hasa?"

"Kuacha? Nani aliacha?" Mjane alitabasamu kidogo. "Daktari alimkataza, mimi nikamfichia viatu. Basi akatoroka na ndala kama mtoto wa shule. Alirudi jioni amechoka, lakini ana furaha! Akasema, 'Zangu nimemaliza.' Nilidhani ni homa inaongea."

Wino alifumba macho.

Inspekta alimwona. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukatia, akainama, akavuta gunia la mabaki. Juu kulikuwa na vipande vya karatasi za kawaida. Chini yake vilikuwamo vipande vya upana mdogo lakini vinene, rangi ya maziwa. Mwizi wa karatasi hakai dukani akazipunguza kingo.

Alichukua kipande kimoja, akapima kwa jicho upande ambao kadi ingekunjwa. Akakikunja.

Kikapasuka.

"Wino," alisema taratibu, "njoo huku ndani."

Walisimama katika chumba cha wino na makopo. Inspekta alifunga mlango.

"Ni mzee aliyezikata."

"Afande, nakuomba."

"Alizikata zote kwa kukatisha nyuzi."

"Nakuomba, afande. Andika nimeiba." Wino alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu. "Nitie pingu twende. Nitakubali popote unaponipeleka."

"Unajua ni miezi mingapi hiyo?"

"Itapita."

"Mimi siandiki uongo, Wino."

"Basi usiandike kitu!"

"Na yule binti akuone mwizi mpaka unakufa?"

"Mimi aniwaze anavyotaka. Baba yake asimwaze vibaya."

Inspekta aliishusha ile mikono. Kisha akafungua mlango, akamwita binti. Alimpa kipande cha karatasi.

"Kikunje."

Binti alikunja. Nyuzi zikatokeza. Alikuwa mtoto wa duka lile, hakuhitaji kufundishwa. Alikigeuza kile kipande, akakitazama tena, rangi ikamtoka midomoni.

"Nani kakata hivi? Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakati hivi."

Binti akaketi juu ya debe.

"Sema, Wino," alisema Inspekta.

"Alikuja siku ile nimekwenda kununua vipuri," alisema Wino. "Niliporudi nikamkuta kwenye mashine, jasho linamtoka. Zote zimeshakatwa, zimepangwa vizuri sana. Akaniuliza, 'Zimekaa sawa?' Nikashika moja, nikajua. Mwanangu, yule ndiye aliyenichapa kofi kwa kosa hilo hilo nilipokuwa najifunza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, 'Zimekaa sawa, bosi.' Akavaa koti lake, akaenda nyumbani." Alifuta viganja kwenye suruali. "Hakurudi tena. Nikasema, mtu mwenye kazi kama ile, watu wasije wakaikumbuka kwa hii. Wala wewe. Jana niliposikia unakuja, nikazihamisha, nikapiga dirisha."

"Ziko wapi?"

"Kwangu, chini ya kitanda, katikati ya mbao mbili. Nilitaka kuzichoma. Nimewasha kiberiti mara kwa mara, mkono unakataa."

Binti alilia bila sauti, kipande kikiwa mkononi. Kisha akapangusa pua kwa kiganja. "Hakujua?"

"Hakujua."

"Kweli, mjomba?"

"Alikuwa anapiga mluzi alipotoka."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, ameshasikia yote. "Kwani lazima zikunjwe?" aliuliza. "Si mzikate palepale kwenye mkunjo? Kila moja itoe kadi mbili."

Wino alijishika kichwa. Wazo hilo halikuwa limemjia.

"Kadi zitakuwa mara mbili, mama," alisema binti.

"Eh! Na hao watu wote atawalisha nani?"

Koplo ndiye aliyecheka kwanza, akajizuia. Kisha binti naye, machozi yakiwa bado mashavuni.

Inspekta alimkumbusha Wino kwamba kudanganya polisi ni kosa, na kioo ni mali ya watu. Wino alisema atakilipa. Binti, ambaye ndiye mlalamikaji, alisema hana malalamiko tena, akatia sahihi.

Kadi zinachapwa sasa, bapa, jani moja moja. Wino anatia karatasi kwenye mashine, binti anazianika kwenye kamba. Katika mstari wa kwanza, pale yanapokaa majina ya wazazi wanaoalika, kuna jina la mama peke yake.