Mshale Nyuma ya Tablo

Nilitumwa kupeleka tablo tu, picha ya rangi. Jioni moja ya 2013, kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mpaka Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, kwa Mama Cécile, mama wa Bukavu tuliyekuwa tunasali naye kambini kabla hajahamia mjini. Mchoraji alikuwa Adolphe, kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya. Mi Maombi ni fundi cherehani, njo nilikuwa namshonea magunia ya kuchorea. Kuuza pia kulikuwa juu yangu, maana yeye na watu walikuwa hawapatani hata kidogo.

"Maombi," aliniambia mlangoni, "nyuma nimeweka mshale. Mshale unaangalia juu. Usigeuze."

"Yaya, kitu hakina kichwa wala miguu, juu yake iko wapi?"

Hakucheka. Alinishika mkono mpaka ukaniuma.

"Usigeuze. Umesikia?"

Nikaona ni mambo yao wachoraji, nikaenda zangu. Adolphe alipaka rangi tupu: hakuna mtu, hakuna nyumba, hata kuku hakuna. Pale kambini walimtania, "Adolphe, hii ni nini, nsima imemwagikiwa maharage?" Lakini wageni wa mashirika walizipenda. Mwanzo walinunua moja moja, halafu akaitwa Lilongwe kuonyesha kazi zake, na miaka ile tablo zake zilikuwa zinaning'inia kwenye hoteli na ofisi za mjini. Wakimwuliza kwa nini hachori watu, anajibu, "Bantu banachosha."

Sababu mi niliijua. Kule kwetu Uvira, Kongo, alikuwa anachora vibao vya saluni, vichwa vya vijana na mitindo yao ya nywele. Alikuwa na mkono, jamani! Mpaka alipomchora kinyozi mmoja wa Mulongwe, macho wazi kabisa, na asubuhi kibao kikakutwa kimefumba macho. Juma halikwisha, tukamzika kinyozi. Akafuata bibi harusi. Akafuata mwana wa mchungaji. Watu wakaanza kusema mulozi, mulozi, huyu anaua kwa burashi, na siku walipokuja na petroli walikuta nyumba tupu. Tangu hapo kaka yangu hakuchora tena jicho la mtu.

Mama Cécile alinipokea kwa shangwe. Nikatundika tablo yake juu ya makochi, mshale juu, kama nilivyoambiwa. Akakunja uso.

"Nyekundu yote hii juu? Inanipa kizunguzungu. Igeuze, mwanangu, nyekundu ikae chini."

Mteja ni mteja. Nikaigeuza.

Hapo hapo umeme ukakatika. Mama Cécile akawasha mshumaa, akauweka kwenye kabati pembeni ya ukuta. Sasa Adolphe anapaka rangi nzito, tabaka juu ya tabaka, na mwanga ule wa kutoka ubavuni ukaanza kuonyesha kila kilima na kila shimo.

Nikasikia harufu...

Mafuta ya mgando. Yale ya waridi niliyompaka binti yangu asubuhi.

"Maombi..." Mama Cécile alinong'ona. "Huyu mutoto ni nani?"

"Mtoto gani, mama?"

Alionyesha kwa kidevu.

Nikaona paji la uso. Nikaona midomo. Nikaona kovu juu ya jicho la kushoto, pale alipoangukia tofali akicheza.

Gabriella wangu.

Macho yamefumba.

"Toa!" Mama Cécile alianza kulia. "Kwa jina la Yesu, toa hiki kitu mu nyumba yangu!"

Sikumbuki nilifikaje barabarani. Nakumbuka nimekaa kwenye minibasi ya Lumbadzi, tablo magotini, nimeifunga kwa kitenge, na roho inaniambia mwanangu anakufa, mwanangu anakufa. Kitenge kilikuwa na joto. Kondakta akachukua nauli, akasema zikomo, asante, halafu akaniinamia na kuniuliza kwa Kichewa mtoto wangu ana nini.

"Mtoto gani?"

"Huyo uliyemfunika. Mbona anahema hivyo?"

Nikashuka Lumbadzi, nikapanda kabaza ya pikipiki mpaka kambini. Njia nzima sikuangalia kile nilichobeba.

Niliingia ndani nikipiga kelele. "Mutoto iko wapi?"

Gabriella alikuwa kwenye mkeka, anawaka homa. Nilimwacha anaruka kamba! Adolphe alikuwa amepiga magoti pembeni yake, kitambaa cha maji mkononi. Aliangalia kitenge.

"Uligeuza."

"Ulimchora mwanangu! Adolphe, mulozi we, ulimchora mwanangu!"

"Mi sichori, Maombi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Banakuja benyewe. Nikipaka rangi ya kwanza, mutu anatokea. Njo nageuza gunia asiniangalie, nafunika mpaka anapotea. Akipotea, anaishi. Kila tablo uliyouza, ndani iko mutu."

Nilikaa chini. Hoteli zile, ofisi zile, miaka yote ile.

"Sasa mfunike tena!"

Alifunika. Nilimpa mshumaa, nikamwona akimwaga bluu, akimwaga nyeupe, akimwaga kila kilichobaki kwenye makopo. Rangi ikitulia tu, paji la uso linarudi. Kovu linarudi. Nyuma yangu Gabriella alikuwa anavuta pumzi fupi... fupi...

Makopo yakaisha.

Adolphe alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akatungua kioo kidogo ninachowapa wateja wangu wajitazame, akakiegemeza mbele yake. Akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta. Akaanza kuchora uso wake mwenyewe juu ya ule uso wa mtoto. Pua yake. Ndevu zake. Halafu macho, ya kwanza tangu Uvira, wazi kabisa.

"Yaya, acha... tafadhali, acha."

"Kaa na mutoto."

Nilikaa na mtoto. Mungu anisamehe, nilimkumbatia mwanangu na sikugeuka tena.

Alfajiri Gabriella alifungua macho, akaomba uji. Nilicheka, nililia, nilimwita kaka yangu aje aone. Alikuwa amekaa palepale, burashi mkononi, baridi. Na kwenye gunia macho yalikuwa yamefumba.

Pale kliniki walisema kilichomwua Adolphe ni moyo, na mtoto ni malaria. Inawezekana. Ni kweli Adolphe alikuwa amempa mtoto vidonge jioni ile. Mchana huwa nakubaliana nao.

Nilijaribu kuzunguka Lilongwe, niwaombe waliozinunua waangalie mishale. Walinzi walinifukuza, eti mama huyu wa Dzaleka amerukwa na akili. Kwenye hoteli moja nilichungulia dirishani. Tablo yake ilikuwa imetundikwa kichwa chini, na watu wanakula chini yake.

Sasa ni 2019. Gabriella amekuwa mrefu, na juzi aliniomba gunia la kuchorea. Ana mkono wa mjomba wake, kila mtu anasema. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Nilimshonea gunia zuri, pindo safi, akakaa nalo karibu na mlango kuwahi mwanga wa jioni, na mi nikaendelea na cherehani yangu.

Nikasikia gunia linageuzwa.

Nikasimamisha mguu.

"Gabriella... ju ya nini unageuza?"

"Asiniangalie, mama."

Mambo ya mjomba wake sijawahi kumsimulia.

"Ni nani?"

Akainua uso. Aliniangalia, akaangalia gunia, akaniangalia mimi tena, machozi yanamlengalenga. Akachukua burashi kubwa, akachovya rangi, akaanza kufunika haraka, haraka.