Pointi ya Kumi na Moja

ALHAMISI, MCHANA. MTAA WA JABE, BUJUMBURA.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kutengeneza baiskeli. Hakikuwa na dirisha. Kilinuka gundi na mpira ulioungua. Cirimwami alichuchumaa akachora kwa chaki sakafuni: mstari wa ziwa, mraba wa klabu, mlango wa jikoni, barabara ya Gatumba hadi kizuizi cha mpaka. Kila alipomaliza kuchora kitu aliwatazama usoni, mmoja mmoja, kisha akaendelea.

Walikuwa wanne. Cirimwami mwenyewe, mkubwa wao, mtu wa Bukavu aliyekimbilia Bujumbura mwaka wa waasi na tangu hapo hajafanya kazi ya halali hata wiki moja. Térence, dereva, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye kamioneti, pikapu ya Pejo iliyopakwa rangi mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Atumani wa Buyenzi, mpana wa mabega, mtu wa kubeba. Na Nsimire.

Nsimire hakuwa mwizi wa mikono. Kazi yake ilikuwa kucheza. Kwenye baa za Jabe na Bwiza palikuwa na mashine za flipa, zile za kengele na mpira wa chuma, na kwa miaka kumi alikuwa amesimama mbele ya mashine hizo akiwapumbaza wanaume. Hujitia mjinga, hushindwa, hucheka, huomba afundishwe. Wakati huo vidole vya Cirimwami vinapita kwenye makoti yaliyoning'inizwa nyuma. Alikuwa amechoka siku nyingi. Na kilichomchosha kuliko vyote ni kule kushindwa kwa makusudi.

Safari hii hawakwenda kwa ajili ya makoti. Mgiriki mwenye klabu ya ziwani alikuwa ameleta kwa ndege mashine ambayo mji mzima haukuwahi kuiona mfano wake: sanduku refu la mbao ya njano, lenye kioo cheusi kama cha televisheni, na wakati huo hata televisheni yenyewe nchini haikuwepo. Ndani ya kioo, vijiti viwili vyeupe na kidoa kimoja cha mwanga. Unazungusha kifundo, kijiti chako kinapanda na kushuka. Kidoa kikikupita, mwenzako anapata pointi. Wa kwanza kufika kumi na moja ameshinda. Watu waliiita tenisi ya umeme.

Huko Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, palikuwa na tajiri aliyeitaka.

Usiku haukufaa. Tangu wanajeshi wabadilishe serikali, kila njia panda ilikuwa na kizuizi jua likishazama. Basi Cirimwami akapanga wizi wa mchana kweupe, Jumapili, siku ya mashindano. Nsimire atacheza, kwa kuwa Mgiriki mwenyewe alimwalika. Alimwona kwenye flipa akaona atawafurahisha wageni. Kabla ya fainali, watu wakienda kunywa, atapitisha mkono nyuma ya sanduku na kuchomoa fyuzi. Kioo kitazima. Mgiriki ataaibika mbele ya wakubwa. Nsimire atamwambia anamjua fundi wa flipa, kisha atatoka barazani na kujifunga kitambaa chekundu kichwani, iwe ishara. Muda mfupi baadaye Cirimwami na Atumani wataingia na ovaroli za bluu na toroli. Mgiriki mwenyewe atawafungulia mlango.

Atumani aliuliza kama kutakuwa na silaha. Alikuwa akiuliza hivyo kila mara.

"Apana," Cirimwami alisema. "Hii ni kazi ya akili."

Kisha akamgeukia Nsimire, akarudia ahadi aliyompa tangu mwanzo. Tajiri wa Uvira anafungua chumba cha michezo, na anatafuta mtu wa kukisimamia. Kiti chake, funguo zake, mashine yake. Hatashindwa tena kwa ajili ya mtu.

Nsimire aliinama. Alifuta chaki iliyomwangukia kwenye kiatu. Lakini kichwani mwake alikuwa ameshakiweka kile kiti karibu na mlango, mahali ambapo upepo wa ziwa ungemfikia.

JUMAPILI, BAADA YA CHAKULA. KLABU YA ZIWANI.

Wanaume wa shati jeupe na wake zao walisimama kuizunguka mashine wakiwa na bilauri mkononi. Palikuwa na walimu wa Kibelgiji, wafanyabiashara, watu wa wizara, na maafisa wawili wa jeshi waliokaa kando bila kucheka. Jandarme wao, askari wenye bunduki, walikuwa langoni, kivulini.

Nsimire alimshinda mwalimu, kisha mwenye duka la vitambaa. Hakushinda kwa bahati. Wiki tatu alikuwa amecheza hapa asubuhi, kabla wateja hawajaja, na alikuwa ameigundua siri ya kile kioo. Kidoa kikigonga katikati ya kijiti, kinarudi moja kwa moja. Kikigonga ncha, kinatoka kwa pembe kali. Na juu kabisa ya kioo palikuwa na nafasi nyembamba ambayo kijiti hakifiki hata uzungushe kifundo mpaka mwisho. Anayeweza kupeleka kidoa pale hana mpinzani.

Alikuwa akikipeleka pale. Watu walianza kunyamaza kila alipogusa kifundo. Mke wa mtu wa wizara alimletea maji mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwomba ajitie mjinga.

Fainali ikawa kati yake na Astère, mtu wa wizara ya posta, kijana mwenye miwani na adabu. Mgiriki akatangaza mapumziko. Wageni wakaelekea kwenye kaunta.

Ulikuwa wakati wa fyuzi.

JUMAPILI, WAKATI WA MAPUMZIKO. NYUMA YA JIKO.

Nsimire alitoka kwanza kupumua. Térence alikuwa pale, kando ya makreti ya bia, sigara mdomoni, ingawa alitakiwa kuwa ndani ya kamioneti. Hakumtazama. Alisema anataka kumwambia neno kabla hajamaliza sigara, kwa sababu akishaimaliza huenda asiwe na moyo wa kulisema.

Alimweleza haraka haraka. Juzi alimpeleka Cirimwami Uvira. Alisimama mlangoni akasikia mazungumzo yote. Hakuna chumba cha michezo. Mashine inapakiwa kesho kwenye meli kwenda bandari ya Kalemie, kusini, na Cirimwami anaondoka nayo, peke yake. Halafu kuna jambo la pili. Cirimwami ana bastola chini ya ovaroli.

"Atumani anajua?" Nsimire aliuliza.

"Apana. Angejua asingekuja."

Nsimire alitazama ziwa. Upande wa pili milima ya Kongo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Alijaribu kukasirika, akakuta hana nguvu ya kukasirika. Ilikuwa kama mtu amemwambia kuwa mvua imenyesha. Kiti karibu na mlango kilitoka kichwani mwake kimya kimya, na mahali pake hapakubaki kitu.

"Mwambie Atumani asiingie," alisema. "Mwambie aende nyumbani. Mi sitoi fyuzi."

"Na Mukubwa?"

"Mukubwa ataona sina kitambaa, atarudi kwake."

Térence akazima sigara ukutani, akaweka kipande mfukoni. Alisema atamwambia. Kisha akasema jambo ambalo Nsimire alilikumbuka baadaye: kwamba yeye ana watoto, na gari lina mafuta.

JUMAPILI, JUA LIKISHUKA. FAINALI.

Astère alicheza vizuri. Hakuwa na papara. Alikaa katikati ya kioo akisubiri, na kila Nsimire alipotafuta ncha, yeye alirudisha polepole kama mtu anayefunga mlango. Tatu kwa tatu. Sita kwa tano. Kidoa kilikuwa kikiongeza mwendo kila kilipogongwa mara nyingi, mpaka mlio wake ukawa kama moyo wa mtu anayekimbia.

Nsimire hakujifunga kitambaa. Kilikuwa ndani ya mkoba wake, kimekunjwa. Alicheza kwa mikono yake yote na kwa miaka yake yote kumi. Saba. Nane. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akiiba kitu nyuma yake.

Huko nje, Cirimwami alikuwa akitazama baraza tupu, bila kitambaa chekundu. Kizuizi cha Gatumba kinafungwa jioni, na mashine isipovuka leo haivuki tena, kwa maana kesho meli inaondoka. Angeweza kurudi nyumbani. Mtu mwingine angerudi.

Ilikuwa kumi kwa tisa wakati mlango wa jikoni ulipofunguka.

Waliingia wawili, na ovaroli za bluu. Cirimwami mbele, Atumani nyuma akisukuma toroli. Nsimire aliona mabega yale mapana, na kifundo kikamponyoka. Térence hakumwambia. Hilo ndilo lililomjia kwanza.

Cirimwami alimsalimu Mgiriki kwa Kifaransa, kwa heshima, akasema wao ni mafundi, wamekuja kuchukua mashine iliyoharibika.

Mgiriki aligeuka akatazama kioo. Kioo kilikuwa kinawaka. Kidoa kilikuwa kikienda na kurudi.

"Iko muzima," alisema. "Nani aliwaita?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Mmoja wa maafisa alisimama. Alifanya ishara ndogo kuelekea langoni.

Nsimire alimjua Cirimwami. Aliona bega lake la kulia likishuka kidogo, kama lilivyoshuka siku zote kabla mkono wake haujaingia kwenye koti la mtu. Safari hii mkono uliingia ndani ya ovaroli yake mwenyewe. Na macho yake hayakuwa kwa afisa wala kwa Mgiriki. Yalikuwa kwake.

Atumani aliachia toroli. Alimkumbatia Cirimwami kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote alizobebea makabati na majokofu ya watu. Hakushtuka, hakusita. Alifanya hivyo kama mtu aliyeingia mle ndani kwa ajili ya jambo hilo tu. Hapo Nsimire alielewa kwamba Térence alikuwa amemwambia. Alimwambia kila kitu, na Atumani akasukuma toroli akaingia.

Risasi ilipigwa ndani ya nguo. Ilimpata Atumani pajani. Walianguka pamoja, naye hakumwachia mpaka buti za jandarme zilipokuwa juu ya mkono wenye bastola.

Damu ilitambaa kwenye vigae vyeupe hadi chini ya mashine. Huko juu, kidoa kiliendelea kwenda na kurudi chenyewe, kwa kuwa mashine haijui kama watu wapo au hawapo. Kilikipita kijiti cha Astère kilichosimama bila mwenyewe. Namba ikabadilika: kumi na moja kwa tisa. Hakuna mkono uliokuwa kwenye kifundo.

Afisa alimnyooshea Nsimire kidole. Alimuuliza Atumani, aliyelala akishika paja lake, kama anamjua huyu mwanamke.

"Namujua wapi?" Atumani alisema. "Huyu ni mama ya watu."

Afisa akamuuliza Cirimwami. Cirimwami aliinua uso, mdomo umepasuka. Alimtazama Nsimire kwa muda mrefu. Neno moja tu lingetosha. Nsimire alilisubiri, na mwili wake ulikuwa umeshachoka kiasi kwamba alikuwa tayari kulipokea.

Cirimwami alitema damu kando, akafumba macho.

Wakawatoa nje. Kamioneti haikuwepo. Térence alikuwa ameshavuka Gatumba, na hakuna aliyemwona tena upande huu wa mpaka.

MIEZI ILIYOFUATA. GEREZA LA MPIMBA.

Siku moja baada ya fainali Mgiriki alimtuma mtu na kikombe cha ushindi. Nsimire alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini ya kitanda. Hakurudi klabuni. Baadaye alisikia kwamba unyevu wa ziwa uliingia ndani ya mashine, kioo kikazima chenyewe kabla mvua za kwanza hazijakwisha, na hakuna fundi mjini aliyejua kuifufua. Ikawekwa stoo, juu yake makreti.

Alianza kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Jabe. Gerezani mfungwa asiye na mtu wa kumletea chakula huishi kwa taabu, na Atumani alikuwa amefungwa huko kwa miaka mingi, mguu wake ukiwa haukunjiki. Kila siku ya kutembelea Nsimire alipanga foleni na sahani ya bugali, juu yake sombe ya majani ya muhogo, imefungwa kwa kitambaa.

 Siku moja alimsimulia kuhusu mashine, jinsi ilivyokufa kwa unyevu. Atumani alicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Kisha akafuta macho.

"Dada," alisema, "ukija tena, lete na ya yule."

Nsimire alijibu kwamba yule alitaka kumwua.

"Najua. Lakini alinyamaza. Na hakuna anayemuletea."

Aliichukua sahani, akaondoka. Juma lililofuata alileta sahani moja. Lililofuata pia, moja. Usiku wa kuamkia ziara ya tatu usingizi haukuja, na asubuhi alijikuta anapima unga wa sahani mbili, bila kuamua, kama mikono ilivyozoea kufanya mambo bila kumuuliza.

Walimleta Cirimwami kwenye wavu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota nyeupe. Alitazama sahani, akamtazama yeye, na Nsimire akaona kwamba naye amechoka, pengine tangu zamani, pengine tangu mwaka ule wa waasi alipovuka mpaka.

Alichuchumaa akala taratibu, kwa vidole vile vile vyepesi. Hakuomba radhi, wala Nsimire hakungoja aombwe. Alipomaliza aliirudisha sahani ikiwa safi.

"Chumvi ilikuwa kidogo," alisema.

"Nitaongeza," Nsimire alisema, akafunga kitambaa, akatoka kwenye jua.