Hapa Hapaliwi

Asubuhi ilianza kama asubuhi zote: chai ya moto kwenye vikombe vya plastiki, kelele za mashine ya zege, na mafundi wakitaniana kabla jua halijawachoma. Kampuni ilikuwa inajenga eneo jipya la biashara, maghala upande mmoja na ofisi za vioo upande wa pili. Getini palikuwa na bango lenye picha ya watu wanaocheka, watu ambao hakuna fundi aliyewahi kuwaona.

Pale kazini hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Nondo alikuwa mwanamke pekee kwenye kikosi cha kufunga vyuma, na jina hilo alilipata kwa kazi na kwa tabia, maana hakunjiki kirahisi. Mdogo wake, fundi wa mbao, walimwita Kiwiko kwa sababu alipima mbao kwa mkono kabla ya kugusa futi. Mama yao alipofariki, Nondo ndiye aliyemlea. Mpaka ukubwani alikuwa anamkagua kila asubuhi kama kofia ngumu ameifunga vizuri.

Nguzo nazo zilikuwa na majina. Namba za kwenye michoro waliwaachia wahandisi. Fundi aliyeunda boksi la mbao aliandika juu yake jina lake la utani kwa chaki, na zege lilipoanza kumiminwa, mshika bomba aliuliza kwa sauti, "Nani anakula?" Wa chini walijibu, "Kiwiko anakula!" Zege likifika juu, wote, "Kashiba!" Ulikuwa mchezo tu wa kusahau uchovu.

Nguzo moja ilikataa kushiba. Ilikuwa ya kona, pale ambapo ardhi haikukauka hata kiangazi. Walimimina, ikameza. Wakabomoa, wakachimba, wakamimina tena, ikameza tena. Shimo halikuonekana, wala zege halikujulikana lilikokwenda.

Msimamizi wao, waliyemwita Pimamaji kwa jinsi alivyopenda kila kitu kinyooke, akamwita Kiwiko pembeni.

"Hii nakupa heshima, kijana. Andika jina lako halisi, lile alilokupa mama yako."

"Kwa nini, bosi?"

"Nguzo ya kona hii. Wanao watakuja kuiona."

Kiwiko akacheka, akaandika. Jina lenyewe mimi sitalitaja hapa. Mshika bomba alipouliza nani anakula, Kiwiko alilitamka kifua mbele, na zege likapanda haraka mpaka juu.

"Kashiba!"

Mafundi wakashangilia. Nondo hakushangilia, maana alikuwa anawatazama. Neno lile "Kashiba" lilitoka wakati midomo yao yote ingali imefungwa.

Kesho yake Kiwiko alilalamika miguu mizito. Baadaye akawa anaiburuta. Hospitali walipima damu, wakapiga picha, wakasema hawaoni kitu. Kisha siku moja, akiwa amelala nyumbani, Nondo alimvua soksi akakuta nyayo za kijivu, za baridi. Akazigonga kwa ukucha. Zililia kama ukuta.

"Dada," Kiwiko alinong'ona, "ugumu huu umefika kiunoni. Halafu nasikia mtu anatafuna."

Nondo hakulia. Hasira ilimpanda. Alikwenda moja kwa moja kazini, mchana kweupe, akachukua nyundo kubwa. Pimamaji akamkingia njia.

"Iache hiyo. Niliambiwa bila jina la mtu jengo halitasimama."

"Uliambiwa na nani?"

Pimamaji akaitazama nguzo.

"Ni mtu mmoja tu, Nondo. Fikiria watu wote hawa wanaotegemea kazi hii."

"Huyo mmoja ana dada yake. Kama ni jina tu, mbona hukuandika lako?"

Akampiga kikumbo, akapita. Nguzo ilikuwa imesimama peke yake, haijabebeshwa kitu.

Pigo la kwanza. Zege likapata ufa.

Pigo la pili. Mashine zote zikazima. Hakuna aliyezigusa.

"Nani anakula?"

Sauti ilitoka ndani ya nguzo. Ilikuwa ya upole.

Mazoea yana taabu. Mafundi walishafumbua midomo wajibu, jina likiwa kwenye ncha za ndimi zao.

"Fungeni midomo!" Nondo akafoka.

"Nani anakula?"

Aliogopa. Tusidanganyane. Lakini aliisogelea nguzo, akaijibu kama mtu anayefukuza mbwa jikoni.

"Hakuna. Hapa hapaliwi."

Akapiga. Nguzo ikapasuka. Ndani hazikuwepo nondo alizozifunga kwa mikono yake. Palikuwa na uwazi wenye umbo la miguu ya mtu, kutoka nyayo mpaka kiunoni, pamoja na kidole kidogo cha mguu kilichopinda. Kidole cha Kiwiko. Kutoka kiunoni kwenda juu, umbo lilikuwa bado halijamalizika.

Jioni ile Kiwiko alishuka kitandani, akaomba chakula, akala sahani mbili. Pimamaji hakuonekana tena kazini. Ofisi za vioo zilikuja kufunguliwa, na kona ile wakaifanya maegesho, ingawa hakuna anayeegesha gari pale.

Lakini mpaka leo, Nondo akifungua mlango wa nyumba yao asubuhi, anakuta unyayo wa zege bichi uliokanyaga kuelekea ndani. Una kidole kidogo kilichopinda. Haujawahi kuvuka kizingiti, kwa sababu juu ya mlango Nondo ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, HAPA HAPALIWI.

Anaumwagia maji, anausugua kabla haujakauka, kisha anajiandaa kwenda kazini.

"Dada," Kiwiko aliuliza siku moja, akichungulia nyuma yake, "sasa huyu anayekuja si mimi?"

"Wewe uko ndani," Nondo akamjibu, bila kuacha kusugua. "Huyo atafute kwao."