Asome Nini Binti wa Kinyozi?

Mimi na mume wangu tunafanya kazi katika chumba kimoja. Tumekigawa kwa pazia. Upande wa barabarani yuko yeye, kinyozi, na kiti chake na kioo chake. Upande wa ndani niko mimi, dobi, na meza yangu ya kupigia pasi. Mchana kutwa hatuonani, lakini nasikia kila kitu. Ukitaka habari za mtaa huu, usihangaike na redio. Njoo ukae karibu na pasi yangu.

Mume wangu ni mtu mwema, ila ana tatizo moja. Anaamini kila anayekaa kwenye kiti chake ni mtaalamu. Paa letu lilipovuja, hakuita fundi. Aliwauliza wateja. Kila mmoja alisema lake, na mwisho tukaziba bati ambalo halikuwa likivuja. Mgongo uliponiuma aliwauliza tena. Nikanyweshwa dawa ya kikohozi.

Sasa, mwaka ule binti yetu alikuwa anamaliza sekondari. Shuleni waliambiwa wajiandae kuomba vyuo. Wachague kozi, wachague chuo, na maombi yakifungwa yamefungwa. Mimi na baba yake hatukufika chuo. Tulidhani chuo ni kama sokoni. Ukifika mlangoni unaingia, basi.

Jioni moja baba yake alimuuliza, "Mama, unataka kusomea nini?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Sijui kweli."

Kesho yake mume wangu akaanza kuwauliza wateja.

"Mtoto wangu anamaliza sekondari," nilimsikia akisema. "Ana akili. Asome nini?"

Na mtu mwenye wembe shingoni hawezi kukataa kujibu. Wa kwanza alikuwa bwana wa benki. "Uhasibu," alisema. "Fedha hazitakwisha duniani."

Jioni ile mume wangu aliingia nyumbani anatabasamu. "Mama, wewe ni mhasibu!"

Siku iliyofuata alikaa kijana fundi simu. "Uhasibu? Siku hizi kompyuta inahesabu yenyewe, mzee wangu. Asome kompyuta."

Jioni, "Mama, achana na uhasibu. Wewe ni wa kompyuta!"

Kisha akaja mzee mmoja mwenye mvi, akasema sheria. Akaja muuza dawa, akasema famasia. Akaja mwingine, akasema vyuo vyote ni kupoteza muda. Huyo mume wangu alimnyoa harakaharaka.

Na mimi sikukaa kimya. Mimi nilisema uuguzi. Kila nikimwona mtoto nilimwambia, "Uuguzi, mwanangu. Usiwasikilize hao." Uuguzi asubuhi, uuguzi jioni.

Maskini mtoto! Leo anashika kitabu cha kemia kwa ajili ya famasia. Kesho anaambiwa aweke kemia pembeni, ashike historia kwa ajili ya sheria. Keshokutwa hesabu. Vitabu vyote viko mezani, vyote vimefunguliwa, na yeye anatazama ukuta. Alianza kukonda. Ukimwita, anashtuka. Nyumba nzima ilikuwa haijui inakwenda mbele au inarudi nyuma.

Siku moja tukiwa tunakula, baba yake akaanza, "Mama, leo amekuja mtu wa bandarini, anasema..."

Mtoto akaweka kijiko chini. "Baba, nimeamua. Siendi chuo."

"Unasemaje?"

"Siombi chuo chochote. Nikimaliza mtihani nitakuja dukani kufagia nywele."

Maombi yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Huyu ni mtoto anayependa shule tangu mdogo, mtoto wa kuamka mwenyewe bila kuitwa. Asipoomba mwezi huu, mwaka mzima umepotea, na nani ajuaye kama mwakani atakuwa na moyo ule ule? Niliogopa sana. Na nilijua tuliomfikisha pale ni sisi.

Siku chache baadaye alikuja mteja wangu mmoja kuchukua gauni lake. Ni mwalimu wa ushauri katika shule ya binti yetu. Nilikuwa nakunja gauni huku namweleza mambo yetu. Mara tukasikia sauti ng'ambo ya pazia.

"Sasa anasema haendi chuo," mume wangu alikuwa anamwambia mteja. "Nimlazimishe asome nini?"

"Ualimu," alisema mteja.

Mwalimu aliangua kicheko. Kisha akaacha kucheka. Akalisogeza pazia. "Samahani, shemeji. Umeshawauliza watu wangapi?"

"Wote," alisema mume wangu kwa fahari.

"Na mtoto mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Akasema hajui."

"Basi alikujibu ukweli. Watoto wengi wa umri wake hawajui. Ulipaswa kuanzia hapo. Wewe ukaenda kuuliza kwingine."

"Sasa nimuulize nini mtu asiyejua?" Mume wangu alikuwa amechanganyikiwa, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi. Mteja wake alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

"Tulia, shemeji," mwalimu alisema. "Yule bwana wa benki anamjua binti yako? Anajua anapata alama gani? Anajua anapenda nini? Hajui. Anachokijua ni kazi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ya kumuuliza. Muulize leo amefanya nini tangu asubuhi. Muulize kinachomchosha. Muulize alisoma masomo gani mpaka akaajiriwa. Kisha mwombe amruhusu binti aende akaone kwa macho yake."

Niliona nafasi yangu imefika. "Lakini mwalimu, uuguzi je?"

"Kwa nini uuguzi?"

Nikaitazama pasi yangu. "Sare zao," nilisema. "Zikipigwa pasi zinapendeza."

Walicheka wote. Hata yule mwenye nusu kichwa alicheka. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Binti yetu alipotoka shule alimkuta mwalimu bado yupo. Aliinamisha kichwa. Alidhani ameitiwa kesi.

"Sikuulizi unataka kuwa nani," mwalimu alimwambia. "Niambie tu, kipindi gani kikiisha unaona kimekwisha mapema?"

Mtoto alifikiri. "Jiografia. Na hesabu, kama si siku ya mtihani."

"Somo gani linakutesa?"

"Fizikia."

"Na kitu gani huwezi kabisa?"

"Kukaa ndani siku nzima. Na damu, mwalimu. Nikiona damu naona giza."

Nilikunja uuguzi wangu nikauweka.

Kisha mtoto akamgeukia baba yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Baba, si kwamba sitaki chuo. Kila nikianza kufikiri, unakuja na jingine. Sijui nikusikilize wewe, au mama, au wateja. Kichwa kimejaa."

Mume wangu alizima mashine. "Nisamehe, mama," alisema. Mtu huyu simjui kwa kuomba msamaha, kwa hiyo nami nilishindwa kujizuia, nikalia.

Basi likizo fupi ilipoanza, binti akaanza safari zake. Alikwenda benki kwa yule bwana. Akarudi anapiga miayo. Alikwenda hospitali, kwa ajili yangu. Wakamrudisha wamemshika mkono, rangi imempotea. "Umeridhika sasa?" mume wangu aliniuliza. Nikamwambia afunge domo lake.

Kwa muuza dawa alipenda kidogo. Kwa fundi simu alipenda kidogo pia. Hapo tukachanganyikiwa upya. Kidogo hapa, kidogo pale, utachagua nini? Mwalimu alisema tusimkimbize.

Halafu akaja mteja mmoja mwenye tope mpaka magotini. Ni mpima ardhi. Kazi yake ni kupima viwanja na barabara kabla watu hawajajenga. Mume wangu alishajifunza. Hakusema "asome nini". Aliuliza, "Leo kazi ilikuwaje?" Loo! Yule bwana aliongea mpaka wateja wengine wakaanza kulalamika. Jua, nyoka, majirani wanaogombania mpaka, hesabu za pembe, ramani. Jumamosi akamchukua binti yetu pamoja na wasaidizi wake.

Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata maji hakuomba. "Mama, unajua mpaka wa kiwanja unapatikanaje?"

"Sijui."

Akanieleza. Akachukua vijiko na sahani akanionyesha. Alipomaliza, bado sikujua. Lakini nilikuwa sijamsikia mwanangu akiongea hivyo kwa miezi mingi. Ningemsikiliza mpaka asubuhi.

Tukadhani tumemaliza. Wapi! Mwalimu alituita shuleni, baba, mama na mtoto.

"Kupenda kazi ni jambo moja," alisema. "Kukubaliwa chuoni ni jambo jingine. Kila kozi ina sifa za kujiunga. Shahada ya upimaji ardhi inataka hesabu nzuri na fizikia nzuri. Fizikia yake inachechemea."

Mume wangu alishika kichwa. "Tumekwama!"

"Hatujakwama. Kuna stashahada. Hiyo inakubali alama za chini kidogo."

Mimi nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, nisaidie. Shahada na stashahada, ipi ni ipi? Mimi nasikia moja."

Hakunicheka. "Stashahada ni fupi zaidi, na iko chini ya shahada. Akiimaliza anaweza kuajiriwa kama msaidizi wa mpima ardhi. Akifaulu vizuri anaweza kuendelea na shahada baadaye. Chini ya stashahada kuna cheti. Wengine huanzia hapo, na wanafika."

"Kwa hiyo asiombe shahada?"

"Aombe zote mbili. Mzazi akikazania chaguo moja tu, mtoto akikosa anabaki nyumbani. Na kabla ya kuomba, hakikisheni chuo kimesajiliwa. Ulizeni gharama zote. Si ada peke yake. Kuna malazi, chakula, vitabu na vifaa. Ulizeni na habari za mkopo wa masomo mapema, kabla muda haujapita."

Kichwa kilikuwa kinaniuma. Lakini safari hii nilijua kinaniuma kwa nini.

Kulikuwa na chuo kimoja ambacho mteja fulani alikisifia sana. Mume wangu alipiga simu kwenye ofisi ya serikali inayosajili vyuo. Wakamwambia chuo hicho hawakijui. Alikata simu. Kisha akasema, "Na nilimpunguzia bei ya kunyoa!"

Siku ya kuomba ilifika. Binti alikaa mbele ya kompyuta ya shule. Sisi tulisimama nyuma yake. Chaguo la kwanza aliweka shahada ya upimaji ardhi. La pili, stashahada ya upimaji ardhi. La tatu, stashahada ya uchoraji ramani. Baba yake aliinama, akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Nikaushika mkono wake nikaurudisha. Mtoto akabonyeza mwenyewe.

Miezi ile iliyobaki kabla ya mtihani aliisoma fizikia kwa nguvu zote. Mwalimu wa fizikia alimwongezea vipindi. Matokeo yalipotoka, fizikia ilikuwa imepanda, lakini haikupanda kiasi cha kutosha.

Majibu ya vyuo yaliingia kwenye simu ya baba yake, mchana, wateja wamejaa. Nilimsikia anasoma kwa sauti ya chini. "Chaguo la kwanza, hukuchaguliwa." Nikamsikia anahema. "Usijali, mama. Usijali. Kuna mteja wangu mmoja, nitamuuliza, lazima atajua kozi nyingine..."

"Baba," binti yetu alisema. Alikuwa anatembeza fagio sakafuni, sauti yake imetulia. "Shuka chini usome la pili."

"La pili?"

"Soma. Na hilo nililichagua mimi."

Alisoma. Akasoma tena kwa sauti kubwa, ili mimi nisikie kule ndani. Amechaguliwa stashahada ya upimaji ardhi. Niliacha pasi, nikapita kwenye pazia, nikamkumbatia mwanangu katikati ya nywele za watu. Wateja wakapiga makofi. Baba yake alijifanya anapangusa kioo.

Yuko chuoni sasa. Juzi ametutumia picha. Amesimama juani kando ya chombo cha kupimia, kofia imekaa upande, na nguo zake zimekunjamana vibaya sana. Mtoto wa dobi! Ninaitazama picha hiyo kila siku nikiwa kazini, na mara mbili sasa nimeunguza shati la mtu kwa furaha.