Hidaya Anachagua Taa ya Mti

Hidaya aliishi Lushoto, milimani, kwenye nyumba ya bati jekundu. Mbele ya nyumba palikuwa na bustani.

Bustanini palikuwa na mparachichi mrefu, mrefu, mrefu. Palikuwa pia na mlimao mfupi.

Siku moja Bibi alihamia kwao. Hidaya alifurahi kweli! Mchana walikaa barazani pamoja. Bibi aliitazama miti, akatabasamu.

Lakini jua lilipozama, Bibi alikunja uso.

"Mjukuu wangu, miti imekwenda wapi?"

"Ipo palepale, Bibi!"

"Macho yangu yamezeeka," Bibi akasema. "Jioni naona giza tu."

Bibi akainuka, akaingia ndani mapema. Kiti chake kikabaki kitupu.

Hidaya hakupenda kukiona kiti kile kitupu. Akamfuata Mama jikoni.

"Mama, tuiwekee miti taa."

Mama akageuka, mwiko mkononi. "Miti? Taa?"

"Ndiyo. Ili Bibi aione jioni."

Mama akafikiri. Kisha akacheka. "Haya. Kesho twende dukani. Wewe ndiye utakayechagua."

Duka la Bwana Shemdoe lilijaa taa. Taa ndefu. Taa za duara. Taa za kuning'inia.

"Shikamoo," akasema Hidaya.

"Marahaba, binti. Nikupe taa gani?"

"Taa ya kumulika mti."

Bwana Shemdoe akaweka taa mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo kama kikombe. Akaiwasha. Tik. Ikatoa mwanga wa njano, wa taratibu.

Ya pili ilikuwa kubwa kama sinia. Akaiwasha. Tik. WAAA! Duka zima likawa jeupe.

"Hii!" akasema Hidaya. "Hii kubwa!"

"Ni kali sana, mwanangu," akasema Mama.

"Ndiyo nzuri, Mama. Bibi ataona kila kitu!"

Wakaibeba ile kubwa hadi nyumbani.

Mama akaiweka chini ya mparachichi, ikitazama juu. Giza likaingia. Bibi akaketi barazani. Hidaya akashika swichi.

"Taa, taa, waka!
Mti, mti, onekana!"

Tik. WAAA!

Majani yakawa meupe. Ukuta ukawa mweupe. Hata paka akawa mweupe!

"Jamani, macho yangu!" akasema Bibi. Akajifunika uso kwa mikono.

Na juu mtini... pru-pru-pru! Ndege akaruka, akapotelea gizani.

Alikuwa hua. Hidaya akainua macho. Akaona kiota kwenye tawi. Makinda wawili wakachungulia. Twii! Twii!

"Mama! Ana watoto!"

"Zima taa, Hidaya. Haraka."

Tik. Giza.

Moyo wa Hidaya ulipiga du, du, du. "Nimemfukuza mama yao," akasema. Machozi yakaanza kumtoka.

"Hukujua kama yupo," akasema Bibi. "Njoo hapa kwangu. Tukae kimya."

Bibi akamfunika kwa kitenge chake.

Twii, twii, walilia makinda. Hua hakuja.

Wakangoja. Baridi ikaingia. Hua hakuja.

Wakangoja tena.

Pru... pru... Kuu-kuu. Kuu-kuu.

"Amerudi," Bibi akanong'ona.

"Umemwona, Bibi?"

"Sikumwona. Nimemsikia. Masikio yangu hayajazeeka."

Hidaya akacheka, lakini polepole, asimshtue tena.

Asubuhi, Hidaya na Mama wakairudisha taa kubwa dukani.

"Haikufaa?" akauliza Bwana Shemdoe.

"Inaumiza macho ya Bibi," akasema Hidaya. "Na inawaamsha ndege."

Akaichukua ile ndogo kama kikombe. Akaiwasha. Akaitazama vizuri. Macho hayakuuma.

"Naomba hii," akasema.

Nyumbani, Mama akaelekea kwenye mparachichi.

"Hapana, Mama! Pale pana watu wanalala."

Hidaya akaenda kwenye mlimao. Akachungulia juu. Akachungulia chini. Akazunguka nyuma. Mwiba ukamchoma kidogo. Aii!

Hakuna kiota.

"Tuweke hapa, Mama. Hapa hakuna mtu."

Mama akaichomeka taa ndogo kwenye udongo, karibu na shina.

Giza likaingia. Bibi akaketi barazani. Hidaya akashika swichi. Safari hii akautazama mparachichi kwanza.

"Taa, taa, waka!
Mti, mti, onekana!"

Tik.

Hakuna kilichoruka. Hakuna aliyelia.

Mwanga wa njano ukapanda taratibu. Ukagusa shina. Ukagusa matawi. Ukagusa malimau, yakang'aa moja moja.

Bibi akainama mbele.

"Bibi, unauona?"

"Nauona," akasema Bibi. "Nauona! Naona shina. Naona malimau. Na vile vyeupe ni nini?"

"Vyeupe vipi, Bibi?"

"Pale juu, kwenye majani."

Hidaya akakimbia hadi kwenye mlimao. Akasimama kwa vidole vya miguu. Akatazama.

"Maua! Bibi, mlimao umetoa maua!"

Mama akatoka jikoni mbio. "Maua? Tangu lini? Mbona mimi sikuyaona?"

"Nimeyaona mimi," akasema Bibi. Alifurahi kama mtoto.

Hidaya akaokota ua moja lililodondoka. Akampelekea Bibi. Bibi akalinusa. Mmmm! Hidaya akalinusa. Mmmm! Mama akalinusa. Akapiga chafya. Chyaa!

Wakacheka wote watatu.

Mama akaleta chai ya tangawizi. Wakanywa. Wakatazama mti wao. Upepo ukapita, shhh, shhh, na majani yakacheza kwenye mwanga.

Hidaya akaegemea bega la Bibi. Macho yakawa mazito. Yakajifumba.

"Bibi, usiku umeingia," akasema Mama. "Twendeni ndani tukalale."

Bibi akatikisa kichwa, macho yake kwenye mlimao.

"Mpeleke mtoto," akasema. "Mimi bado natazama."