Komeo la Stoo

Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, umeme ulikatika. Fundi cherehani mmoja, jirani yetu, akashusha pumzi. Sare za shule zilikuwa zimejaa mezani na wenyewe walizitaka jioni ile ile.

Alikuwa mjane wa miezi mitatu. Mumewe, fundi majenereta, alikufa kwa moshi wa jenereta akiwa amelala kwenye stoo ya karakana yake. Mdogo wa marehemu, aliyefanya naye kazi pale karakana, aliapa msibani kuwa kaka yake mwenyewe ndiye aliyeiingiza ndani ikiwa inawaka. Watu hawakosi la kusema. Wakasema mganga hajigangi. Maneno hayo yalimuuma mjane kuliko kifo chenyewe, maana alimjua mumewe. Mtu yule aligombana na wateja kwa kuweka jenereta karibu na dirisha tu, sembuse kulala nayo.

Basi akaitoa jenereta yake barazani, mbali na dirisha, ekzosi ikitazama uani. Akapima oili. Akamimina petroli injini ikiwa baridi, kama alivyofundishwa. Kabla hajavuta kamba, shemeji yake akaingia uani, na wingu zito nyuma yake.

"Shemeji, mvua hiyo. Tuiingize ndani, dirisha linatosha."

"Kaka yako asingekubali hata kwa gharika."

Shemeji akatazama pembeni. Mjane akamwacha hapo barazani, akaenda nyumba ya pili kuazima kipande cha bati cha kuikingia mvua. Hakukaa hata robo saa.

Aliporudi, jenereta ilikuwa inanguruma ndani ya chumba cha kushonea.

Akachukia. Mtu huyu hasikii! Dirisha limefungwa. Mlango umefungwa, na komeo limetiwa kwa nje. Kisha akasikia kugonga. Mkono uligonga kwa ndani, chini kabisa, karibu na kizingiti.

Akavuta komeo. Moshi ukamvaa usoni. Shemeji alikuwa kifudifudi sakafuni. Akamshika shati, akamburuta hadi uani, mvua ikamnyeshea mpaka akakohoa.

"Sikuigusa," akanong'ona. "Wala sikuingia. Nilikuwa barazani."

"Nani kakufungia?"

Mwanamume yule akaanza kulia.

"Kaka alikuwa amechoka, amelala stoo. Niliogopa wezi. Nikaiingiza jenereta humo ikiwa inawaka, wateja walikuwa wanasubiri betri zao. Nikatia komeo." Akakohoa tena. "Nilimsikia akigonga, shemeji. Nikasema ngoja kwanza nimalizane na mteja."

Mjane akakaa kwenye tope. 

"Miezi mitatu unakula mezani pangu," akasema taratibu. "Ulinishika mkono makaburini. Watu wakimcheka mume wangu, wewe umekaa hapo hapo, unasikia."

 Ndipo alipogundua kuwa mngurumo umekoma, na hakujua umekoma saa ngapi. Akainua macho. Jenereta ilikuwa barazani, pale pale alipoiacha. Akaigusa injini. Baridi. Petroli imejaa hadi juu. Ndani ya chumba hamkuwa na kitu ila cherehani, sare na harufu ya moshi.

Akageukia mlango. Alikuwa ameishi nyumba ile miaka tisa, na mlango ule haukuwahi kuwa na komeo kwa nje.

Sasa lilikuwapo. Chuma cheusi, kipini kimepinda upande mmoja. Alilijua. Mumewe alilitengeneza mwenyewe, la stoo ya karakana.

Shemeji aliondoka jioni ile bila kuaga, na hajaonekana tena. Asubuhi mjane alikwenda karakana na seremala. Mlango wa stoo ulikuwa na matundu manne matupu ya skrubu. Wakarudi nyumbani walitoe lile la chumbani, lakini bisibisi haikupata pa kushika. Kutu ilikuwa imekula vichwa vyote vya skrubu, na rangi ya mlango imepakwa juu ya vichwa hivyo.

Seremala akajifuta jasho, akauliza limekaa hapo miaka mingapi.

"Tangu jana," akasema mjane.